Bibi alilisha kila aliyepita langoni. Na walioosha vyombo niwaandike vipi?

Shikamoo Shangazi,

Bibi yangu mzaa mama alifariki miezi mitatu iliyopita akiwa na miaka 88. Mwezi ujao ukoo mzima utakutana shambani kwake kumkumbuka, na mjomba amenikabidhi kazi ya kuandika habari za maisha yake na kuzisoma mbele ya watu. Alisema mimi ndiye mwenye kalamu katika ukoo. Nilikubali papo hapo nikidhani ni kazi ya usiku mmoja. Leo ni wiki ya tano, na sina hata ukurasa mmoja ninaoweza kuusoma bila kuona aibu.

Nikueleze kwanza bibi alikuwa nani. Alifiwa na mume akiwa na miaka 39, akaachwa na watoto watano, mdogo wao hajaanza hata kutembea. Watu walimshauri auze shamba, akakataa. Alifuga ng'ombe wa maziwa na kuku, akalima, akawa wa kwanza kuamka na wa mwisho kulala kwa miaka mingi. Na katikati ya kazi zote hizo alikaribisha watu. Shangazi, sijawahi kuona nyumba nyingine kama ile. Lango lilikuwa na komeo lakini sikumbuki kuliona limefungwa. Taa ya kibarazani iliwaka mpaka usiku wa manane ili aliyechelewa njiani aione. Dereva aliyeharibikiwa na gari, vibarua wa msimu wa mavuno, daktari wa mifugo, jirani aliyegombana na mumewe, wote walikula pale, na aliyezidiwa na usiku alilala. Mama mmoja alikuja na watoto wawili kuomba hifadhi ya usiku mmoja, akakaa miezi saba. Bibi alikuwa na msemo wake asiochoka kuurudia: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Rasimu yangu ya kwanza ilisema bibi alikuwa mkarimu, mchapakazi, mwenye upendo kwa wote, mlango wake ulikuwa wazi kwa kila mtu. Nilimpa mama aisome. Aliisoma mpaka mwisho, akaikunja, akasema ni nzuri. Kisha akaniuliza, "Lakini huyu ni nani?"

Basi nikaenda kwa mama mkubwa, dada yake mama, ambaye ndiye kifungua mimba wa bibi na ndiye aliyemuuguza miaka sita ya mwisho. Nilitegemea hadithi tamu. Alinisikiliza, akanijibu, "Andika vizuri. Ila usisahau kwamba mgeni alikuja, mwenyeji akapona, na sisi tukaosha sufuria." Alinieleza kwamba tangu akiwa msichana kitanda chake kilikuwa cha wageni. Wakija, yeye alihamia ghalani, akalala juu ya magunia. Wiki ya mtihani wake wa mwisho wa shule nyumba ilikuwa na watu 11 wasio wa familia, naye alianza kusoma baada ya kumaliza vyombo, macho yakiwa yamekwisha. Alifeli kwa alama chache. Bibi hakuwahi kumwomba radhi, na sidhani kama alijua kuna la kuombea radhi.

Nilipomdokezea mjomba kwamba ningependa kuligusia hilo, alikasirika. "Mambo ya jikoni yabaki jikoni," akasema. "Hukutumwa kumtia mama yetu doa." Binamu yangu naye kasoma mahali kwamba msiba una hatua tano. Anasema mama mkubwa amekwama kwenye hatua ya hasira, tumwache itapita.

Halafu kuna madaftari. Tulipokuwa tunapanga vitu vyake tulikuta madaftari 19 ya hesabu za shamba. Kila siku ina mstari mmoja. Kwa mfano: "Mvua ndogo. Lita 14. Mayai 9. 17." Au: "Jua. Ndama kazaliwa, dume. Lita 11. Mayai 12. 6." Ile namba ya mwisho hakuna aliyeielewa, hata mjomba, mpaka mama mkubwa alipotupia jicho na kusema, "Hizo ni sahani."

Jambo la mwisho ni langu mwenyewe. Bibi alipatwa na ugonjwa wa kusahau. Nilipomtembelea mara ya mwisho hakunijua. Aliniangalia kama mtu baki, akasema, "Karibu mgeni, umekula?" Nilijizuia mbele yake, nikaenda kulia nyuma ya zizi. Sikurudi tena. Nilijiambia nina kazi nyingi, lakini ukweli ni kwamba sikutaka kuitwa mgeni kwa mara ya pili. Miezi minane baadaye alifariki. Nitasimamaje mbele za watu kumsifu mtu niliyemkimbia? Na kwenye cheti cha kifo, mahali pa kazi, wameandika "mama wa nyumbani". Sijui kwa nini na hilo linanikera, lakini linanikera.

Nisaidie, Shangazi. Nimwandike bibi wa mjomba au bibi wa mama mkubwa?

Mjukuu aliyekwama

*

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa msiba.

Nimeusoma mstari ule wa daftari mara nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya barua yako. "Mvua ndogo. Lita 14. Mayai 9. 17." Unanililia kwamba huna hata ukurasa mmoja, wakati bibi yako amekuachia madaftari 19. Mwandishi wa kwanza wa maisha yake ni yeye. Itazame alipoiweka ile namba ya sahani. Hakuiandika kwenye daftari la peke yake, wala hakuitenga kama sadaka. Aliiweka mstari mmoja na maziwa na mayai, mwishoni, pale ambapo mtu huandika jumla. Kwake yeye, watu waliokula siku hiyo walikuwa sehemu ya yale ambayo shamba limetoa. Ng'ombe wametoa lita 14, kuku wametoa mayai 9, nyumba imetoa sahani 17. Ukarimu wa bibi yako ulikuwa kazi ya shamba, aliipima kila jioni kama alivyopima maziwa, na aliijua hesabu yake.

Ukilishika hilo, swali lako la mwisho linajibika. Lita 14 hazikujikamua zenyewe, na sahani 17 hazikujiosha. Kazi ina mikono. Mjomba wako anakumbuka sahani, mama mkubwa anakumbuka mikono, na wote wawili wanasoma mstari uleule. Hakuna bibi wawili wa kuchagua kati yao.

Ndiyo maana rasimu yako ya kwanza ilikataa kusimama. Neno "mkarimu" si la uongo, lakini limeshawafunika marehemu wengi mno. Ukilitamka, msikilizaji anaitikia kwa kichwa na haoni kitu. Mama yako alipouliza "huyu ni nani?" alikuwa mhariri wako bora. Jaribu hivi: andika kurasa zako zote bila kulitumia neno hilo hata mara moja. Utalazimika kusema lango lilikuwa na komeo lisilofungwa. Utalazimika kuiwasha taa ya kibarazani na kumleta yule mama mwenye watoto wawili, alale usiku mmoja, kisha wa pili, mpaka miezi saba ipite na watoto wake wajue majina ya ng'ombe wote. Hayo uliniandikia mimi kwenye barua, tena vizuri, bila kuhangaika. Umeyaficha kwenye rasimu kwa sababu ulidhani rasimu inataka maneno makubwa.

Sasa nije kwa mama mkubwa, na hapa nakuomba unisikilize kwa makini kuliko kwingine.

Mwambie binamu yako aweke kando zile hatua tano. Zilitokana na kazi ya daktari wa akili Elisabeth Kübler-Ross, aliyezitangaza mwaka 1969, na alizipata kwa kuzungumza na wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa. Zilihusu mtu anayekikabili kifo chake mwenyewe. Watu wakazichukua wakazivika waliofiwa, kana kwamba msiba ni ngazi na kila mtu lazima akanyage kila kidato kwa zamu. Waliofiwa hawaendi hivyo. Mwaka 1999 Margaret Stroebe na Henk Schut wa Chuo Kikuu cha Utrecht walieleza jambo ambalo kila aliyewahi kufiwa atalitambua: mfiwa huenda na kurudi. Saa hii yumo ndani ya machungu, saa ijayo anapanga namna ya kuendelea na maisha, na kesho yake anarudi machungu yaleyale. Hakuna aliyekwama. Na zaidi ya hayo, hasira ya mama mkubwa haikuanza siku ya kifo. Ina umri wa karibu miaka 50. Ni ushahidi, na kuuita ushahidi wa mtu "hatua" ni njia ya upole ya kumwambia anyamaze.

Angalia pia alichofanya huyu mwanamke. Alilala juu ya magunia, akafeli mtihani, halafu uzeeni mwa mama yake akarudi kumuuguza miaka sita. Mwenye chuki tupu hafanyi hivyo. Hata jibu alilokupa lilianza na "andika vizuri". Hakukuambia usimsifu. Alitaka tu asifutwe yeye na ndugu zake katika sifa hizo. Na ni nani aliyezitambua zile namba? Watoto watano walikulia kwenye nyumba ile, lakini aliyejua kwamba 17 ni sahani ni yule aliyeziosha.

Kwa hiyo yaandike. Yaandike kwa kipimo cha mambo yenyewe, bila kulaumu na bila kupaka sukari. Mfano: "Wageni walipokuja, kitanda alichopewa mgeni kilikuwa cha binti yake mkubwa, naye alilala ghalani. Wiki ya mtihani wake nyumba ilikuwa na watu 11. Mengi ya yale tunayoyasifu leo yalipita mikononi mwake." Sentensi tatu hizi hazimtii bibi doa. Zinasema ukarimu ule ulikuwa na gharama, na zinamtaja aliyelipa. Lakini kabla hujaziandika, muulize mwenyewe kama anataka lile la mtihani lisemwe mbele za watu. Ni lake. Huenda akataka kitanda kitajwe na mtihani uachwe. Huenda akasema taja yote. Akisema acha, acha, hata kama unaona ndilo linaloipa habari yako uzito.

Kuhusu bibi kutowahi kuomba radhi, usimsemee. Ninajua kishawishi kilivyo, maana nimewaandikia wafiwa wengi na kila mmoja hutaka kumwekea marehemu maneno aliyopaswa kuyasema. Usiandike kwamba "moyoni alijua". Hujui. Unachokijua ni mwanamke wa miaka 39 mwenye watoto watano, aliyeshauriwa auze kila kitu. Huenda kulisha watu kulikuwa ndiyo njia yake ya kubaki na majirani wa kumfaa siku ya shida. Muulize mjomba na majirani wazee: ng'ombe akizaa vibaya usiku, nani alikuja? Wakati wa mavuno, nani aliacha shamba lake akaja kumsaidia? Ukikuta ni walewale waliokula sahani zile, utakuwa umepata jambo ambalo hata mama mkubwa huenda hakuwahi kulitazama kwa upande huo, na utaliweka mezani bila kumwambia asamehe kwa sababu hiyo. Msemo wa bibi nao ungeuelewa vizuri zaidi: mwenyeji aliyekuwa anahitaji kupona alikuwa yeye, mjane mwenye shamba na mikono michache. Ukikuta si hivyo, utakuwa umejifunza hilo pia, na hutaliandika.

Mjomba ni mtoto anayemlinda mama yake, na mtoto wa kiume wa nyumba ile huenda kwa kweli hakuyaona ya jikoni. Usibishane naye kwa hoja. Mpelekee daftari. Tafuta mistari ya wiki ile ya mtihani, kama mwaka na mwezi vinajulikana, ukae naye, umwombe akusomee namba za mwisho kwa sauti. Kisha muulize nani alipika siku hizo, nani aliosha, nani aliteka maji. Usiseme zaidi ya hapo. Mzee akiyatamka majina ya dada zake kwa kinywa chake, hatakuzuia kuyaandika. Na kama bado atakataa, basi utamweleza kwa adabu kwamba alikupa kalamu na huwezi kuandika nusu nyumba, na kama hilo halimfai atafute mwingine. Sidhani itafika huko.

Usichelewe kuwauliza watu. Huko nyuma, mwaka 1885, mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akaonyesha kwamba usahaulifu huenda mbio mwanzoni kisha hupunguza mwendo. Kumbukumbu za maisha ni ngumu zaidi kuliko silabi, lakini kwa wafiwa nimeliona jambo linalofanana nalo: wiki za kwanza watu wanakumbuka sauti na maneno kamili, baadaye wanabaki na "alikuwa mtu wa watu". Miezi mitatu imepita. Wapigie simu wiki hii. Usiwaulize "bibi alikuwa mtu wa namna gani?" maana watakujibu mkarimu. Mwambie mtu, "Hebu nieleze siku ya kwanza ulipoingia lango lile." Muulize alikaa wapi, aliwekewa nini mbele yake, bibi alikuwa ameshika nini mkononi, na alimwambia neno gani. Halafu nyamaza, umwache atafute. Watu wengi huongeza jambo la maana baada ya ule ukimya wa kwanza, pale ambapo wewe ungeshaingia na swali lingine. Washa kinasa sauti cha simu kwa ruhusa yao, ili sauti ibaki hata wewe ukikosea kuandika.

Yule mama wa miezi saba mtafute kwa bidii kuliko wote, au watoto wake. Huyo aliishi ndani. Hakuwa mgeni wala mtoto wa nyumba, na macho yake yaliona meza na jikoni kwa pamoja.

Na nenda ukakae ndani ya nyumba yenyewe kabla hamjaipanga ikawa safi mno. Ingia ghalani, uvute hewa. Njia ya harufu kwenda kwenye ubongo haipiti ile njia kuu inayopitiwa na kuona na kusikia. Inafika moja kwa moja karibu na sehemu zinazoshughulikia hisia na kumbukumbu, ndiyo maana harufu ya magunia au ya maziwa yaliyomwagika zizini inaweza kukurudishia mchana mzima wa utoto ambao picha haikurudishii. Nenda na daftari jipya. Andika chochote kitakachokuja, hata kama hakina kichwa wala miguu.

Cheti sasa. Umesema hujui kwa nini kinakukera. Nadhani nakijua kinachokukera, na una haki nacho. Mwanamke aliyeendesha shamba kwa karibu miaka 50 na kuacha madaftari 19 ya hesabu alikuwa mkulima na mfugaji. Kumwita "mama wa nyumbani" ni kosa la zamani sana la makaratasi, na halikuanzia kwa karani wenu. Sensa ya Uingereza na Wales ya mwaka 1851 iliwaweka wake wa wakulima pamoja na watu wa kazi ya ardhi. Kufikia sensa ya 1881 walikuwa wamehamishiwa kundi la wasio na kazi. Ng'ombe walikamuliwa vilevile miaka yote miwili, kilichobadilika ni safu ya kwenye fomu. Kwa muda mrefu sasa watu wamekuwa wakijaribu kuirekebisha hesabu hiyo. Umoja wa Mataifa uliweka tarehe 15 Oktoba kuwa Siku ya Kimataifa ya Wanawake wa Vijijini, ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2008, na mwaka 2026 ukatangazwa kuwa mwaka wa kimataifa wa mwanamke mkulima. Kurekebisha cheti kuna taratibu zake na ni juu yenu kuamua kama mnataka kuhangaika nazo. Kurasa zako hazihitaji kibali cha mtu. Mstari wa kwanza kabisa, baada ya jina lake, andika: mkulima.

Nimeliacha la kwako mwishoni kwa sababu nilitaka uwe umeshapata kazi mkononi kabla sijaligusa.

Ulikimbia. Sitakuambia hukukimbia, kwa kuwa umeandika mwenyewe na umeandika kwa ujasiri. Ungeweza kurudi, na hukurudi, na hilo utatembea nalo. Lakini kuhusu lile neno "mgeni", nakuomba ulitazame upya. Ugonjwa wa kusahau hauli kumbukumbu zote kwa kasi moja. Katika ugonjwa wa Alzheimer, ambao ndio unaowapata wengi, majina na matukio ya karibuni huondoka mapema, lakini mambo ambayo mwili umeyafanya maelfu ya mara, namna ya kushika kijiko, kukunja kitambaa, kumkaribisha mtu mlangoni, yanaweza kubaki muda mrefu baada ya majina kupotea. Siku ile bibi yako alikuwa ameshapokonywa jina lako. Hakuwa nalo la kukupa. Akatafuta ndani yake akakuta kilichobaki, na kilichobaki kilikuwa "Karibu, umekula?" Ulisikia umeshushwa kutoka mjukuu kuwa mtu baki. Lakini katika nyumba ile, mwanangu, mgeni alipewa kitanda cha kifungua mimba. Hakuna mahali pa juu zaidi alipokuwa na uwezo wa kukuweka.

Sisemi hilo linafuta ile miezi minane. Nasema tu kwamba hukukataliwa, na kama ndilo lililokufanya usirudi, unaweza kuacha kulibeba hilo moja.

Je, uliseme mbele ya watu? Mimi ningelisema, kwa kifupi, karibu na mwisho. Kwamba alikusahau jina, akakuuliza kama umekula, ukaenda kulia nyuma ya zizi, na hukurudi. Ukoo mzima una watu waliofanya kama wewe na wamenyamaza, na ukimtaja mama mkubwa kwa kuoshea ulimwengu vyombo huku wewe ukijiacha msafi, hapatakuwa na usawa. Ukishindwa siku ile, ruka aya hiyo, hakuna atakayejua.

Kuhusu urefu, usizidi dakika kumi. Ukisoma polepole, kama inavyopasa mbele ya watu waliofiwa, hiyo ni kama maneno 1,000. Soma mbele ya saa, kwa sauti, ukiwa umesimama, mara tatu katika siku tofauti. Utagundua mahali pa koo kukaba. Hapo weka alama ya kupumua, na mpe binamu nakala akae karibu ili akupokee ukikwama. Mengine yote utakayoyapata kwa watu, ambayo ni mengi kuliko dakika kumi, yachape uyaweke pamoja na madaftari. Na madaftari yenyewe mpige picha kila ukurasa kabla ya mtu yeyote kugawana chochote. Karatasi za shambani zimeshaona unyevu wa kutosha.

Ungependa kujua uanzie wapi? Anza na mstari mmoja wa daftari, usomwe kama ulivyo, bila maelezo. Watu wasikie mvua, lita, mayai, kisha ile namba tupu. Wangoje. Ndipo uwaambie ni nini, na ni nani aliyekuambia.

Jambo moja la kufanya kabla ya siku yenyewe. Ukimaliza kuandika, usimpelekee mjomba kwanza. Nenda kwa mama mkubwa jioni, baada ya chakula. Kusanya vyombo, uvioshe wewe, vyote, na sufuria uzisugue mpaka chini, yeye akiwa ameketi. Kisha futa mikono, kaa mbele yake, umsomee kuanzia mwanzo. Akikuambia kuna sufuria umeisahau, iongeze.

Shangazi